Wiki Niliyoitwa Marehemu

Jumanne, 9 Agosti 1994

Mihayo kapata mgeni! Wa peke yake, si wa kugombania na wenzake. Miezi miwili kasimama nje ya hoteli kule mjini akingoja wageni wa kutembeza, na kile kikaratasi cha jina shingoni, anarudi jioni viatu vimejaa vumbi, anakula, analala, hasemi. Leo karudi anapiga mluzi. Modesta kakimbia kumpokea, baba yake kambeba juu kama bado mtoto mchanga — binti wa miaka tisa!

Mgeni ni mama wa Kihindi, Mama Nurbanu. Kazaliwa hapahapa Mwanza, wakahamia Kanada mwaka sabini na mbili. Sasa kaja peke yake, mumewe kafariki. Hataki ile safari wanayopewa wote — Jiwe la Bismarck, picha, kisiwa cha Saanane, picha, kwaheri. Anataka apangiwe siku yake mwenyewe. Shule aliyosoma. Duka la baba yake. Pale ziwani walipokuwa wakiogelea Jumapili. Na mchana ale chakula cha nyumbani kwa watu. Si hotelini.

"Kwa watu gani?" nikamuuliza.

"Kwetu hapa, Mama Modesta."

Nikacheka. Halafu nikatazama sebule yetu, nikaacha kucheka, nikaanza kufua vitambaa vya makochi.

Kwa kweli nimefurahi. Tangu kiwanda cha nguo kiwapunguze mwaka jana, mume wangu alikuwa mtu wa kukaa tu. Kiwandani wageni wa serikali wakija, yeye ndiye aliyewazungusha, toka pamba mpaka kitenge. Anajua kusema na watu! Hilo hawakuweza kulipunguza. Mimi cherehani ndiyo imetulisha, na cherehani yenyewe siku hizi ni kupunguza mitumba, nani anashona nguo mpya? Kwa hiyo acha apate. Gari kalipata la dereva Salum, ile Peugeot kuukuu, maana magari yote mazuri ya mji yamekodiwa na mashirika ya wakimbizi wa Rwanda.

Kesho sato, ugali, na michembe ya viazi vitamu yenye karanga. Suruali yake nimeipiga pasi mara mbili.

Jumatano, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi. Mwandiko leo kama wa mlevi.

Nimepika toka alfajiri. Kila kitu kilikuwa tayari. Mchana nikasikia gari, nikavua aproni, nikajifuta uso. Mihayo akaingia kwa mlango wa nyuma, peke yake. Mgeni kamwacha nje na Salum, anaangalia mawe ya Mabatini yalivyobeba nyumba.

Akaniambia haraka haraka, kwa sauti ya chini: "Mama Modesta, nisikilize. Leo wewe ni dada yangu. Bernadeta. Usiulize sasa, nitakueleza." Akamshika Modesta bega. "Na wewe, huyu ni shangazi. Umesikia? Shangazi."

Akatoka. Mimi nimeshika mwiko.

Bernadeta ni dada yake kweli, yuko Kisesa, ana meno yaliyopandana na ugomvi na kila jirani. Sasa ndio nimekuwa yeye!

Mgeni akabisha hodi. Mama mdogo wa umbo, nywele nyeupe, gauni refu na raba. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Kiswahili chake kizuri, cha zamani — gari anasema motokaa. Akavua raba mlangoni bila kuambiwa. Akala kwa mkono. Alipoweka mchembe mdomoni akafumba macho, machozi yakamtoka. Yaya wao alikuwa akimpa kwa siri, mama yake hakutaka ale vya jikoni kwa watumishi. Nilimpenda palepale. Hilo ndilo linalonichoma zaidi! Nilimpenda.

Modesta akaleta maji ya kunawa. "Shangazi, nimwagie tena?" Hakubabaika. Hata kope haikucheza. Mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili na nusu.

Kisha yule mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, Bernadeta, pole sana. Mihayo kanieleza ndani ya motokaa. Wifi yako kufa bado kijana vile na kumwacha mtoto. Mungu atakulipa kwa kumlea.

Nikamtazama Mihayo. Alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki. Mwiba! Kainama kama daktari wa upasuaji.

Na mimi nikasema asante. Ndiyo. Nimesema asante mama, ni kazi ya Mungu. Nimepokea rambirambi za kifo changu mwenyewe, sebuleni kwangu, juu ya kitambaa nilichokifua jana kwa mikono hii.

Wameondoka wanacheka. Anapelekwa kuona shule.

Nimeingia chumbani kulia, machozi yamekataa. Nikainama kutafuta kandambili. Chini ya kitanda — picha yetu ya harusi! Imelazwa kifudifudi. Kumbe mchana, mimi nimeshika mwiko, yeye alipitia sebuleni akang'oa picha ukutani, akaificha. Nikarudi sebuleni kutazama. Msumari upo. Na alama nyeupe ya pembe nne pale ambapo rangi haijafifia. Nilipita hapo mara ngapi na sahani leo, sikuona!

Alhamisi, 11 Agosti

Jana aliporudi nilimsubiri kwenye kiti. Sikuweka chakula.

"Nilikufa lini?" nikamuuliza.

Akaomba tuongee taratibu, mtoto anasikia. Mtoto anasikia! Mtoto ambaye mchana kutwa kaniita shangazi!

Maelezo yake haya hapa, niyaandike nisije nikayasahau nikamhurumia. Kwamba walikuwa Kapripointi, mbele ya nyumba waliyopanga yule mama na mumewe walipooana, akaanza kulia. Mumewe alikufa huko Toronto, wakati wa theluji. Siku za mwisho alikuwa akiitaja Mwanza tu. Kwamba analia hivyo, akamgeukia Mihayo akamwambia, wewe mwanangu huwezi kujua. Na Mihayo akajibu: "Najua mama. Hata mimi wangu alifariki."

"Neno lilinitoka tu, Mama Modesta."

Lilimtoka! Kama kupiga chafya.

Nikamwambia basi ungelirudisha. Akasema haikuwezekana, yule mama alimkumbatia hapohapo barabarani, akaacha kulia, akaanza yeye kumbembeleza. Toka hapo hamwiti tena bwana, anamwita mwanangu. Kaongeza siku. Alikodi siku moja, sasa ni nne. Leo Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na Desemba atakuja tena na wenzake wa Kanada, wazaliwa wa Mwanza, watu thelathini, na hataki mtembezaji mwingine ila Mihayo.

"Unaelewa watu thelathini ni nini?" akaniuliza. "Ni maneno tu. Kwani umekufa? Si uko hapa unanigombeza?"

Nilirusha kikombe. Hakikumpata. Kilikuwa cha seti.

Na aliamka asubuhi akanyoa ndevu anaimba. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Mwaka mzima nilimpikia, nikamfulia, nikamwambia usikate tamaa, akawa kama gogo. Kaniua siku moja tu — kafufuka yeye! Anatembea kifua mbele. Anazungumza kwa mikono. Huyu ndiye mwanamume niliyeolewa naye, karudi, na mimi sipo.

Sada wa nyumba ya pili kaja kuomba chumvi, chumvi yenyewe hakuondoka nayo. Kumbe mtaa mzima unajua. Mihayo kapita kwa majirani jana jioni, mmoja mmoja, kuwaomba wasije wakaniita Mama Modesta mbele ya mgeni. Sada kacheka mpaka kakaa chini. Kasema mumewe mwenyewe angekuwa na akili hiyo, angemuua zamani wakapata bati. Aliponiona sicheki akasimama. Akaniuliza, lakini shoga, huyo mama ni kijana? Nikamwambia ana miaka sitini na kitu. Akasema basi si mapenzi, shukuru. Nishukuru! Kama ingekuwa mapenzi ningejua la kufanya. Ningekwenda pale hotelini na ufagio. Hili la kuuawa kwa ajili ya kumliwaza bibi wa watu, mtu unalishtakia wapi?

Jioni, Modesta anaosha vyombo, akaniuliza kwa sauti yake ya darasani:

"Mama, nikiulizwa tena, ulikufa kwa nini? Baba kasema homa. Lakini yule bibi aliponiuliza jana pale nje, nilikuwa sijaambiwa, nikasema gari."

Nikamwuliza gari gani.

"Lori la pamba. Nikasema lilikuwa halina breki."

Nilitaka kumpiga. Nilinyanyua mkono kabisa. Akanitazama — hana kosa, kafanya alichotumwa na baba yake, na kakifanya vizuri. Mkono ukabaki hewani. Nikaupeleka kwenye kamba nikaanua nguo ambazo hazijakauka.

Mihayo kaingia, kaleta kigoda kidogo cha Bujora, zawadi toka kwa Mama Nurbanu. Zawadi ya dada Bernadeta. Sikukigusa.

Ijumaa, 12 Agosti

Leo nimekuwa mtembeza wageni mimi!

Mihayo alikuwa kakwenda na Salum kutafuta tairi. Niko barazani kwenye cherehani, nikaona raba. Mama Nurbanu, kaja kwa miguu toka barabarani, kauliza watu njia. Kasema leo hataki mwanamume. Kuna mambo ya kike. Anataka kwenda sokoni kununua khanga, anataka kulifikia duka la baba yake maana Mihayo alimpitisha tu kwa gari, na anataka nimpeleke mimi. "Bernadeta, twende, nitakuibia kazi yako nusu siku."

Nikavaa viatu. Nilikuwa nimeamua. Nikifika naye mbali na nyumba, namwambia. Namwambia yote.

Soko Kuu kanishika mkono kama msichana. Anakumbuka kila kitu na hakuna kinachofanana. Pale palikuwa na fundi saa. Pale palikuwa na mti. Kanunua khanga doti tatu, moja kanipa hapohapo, akanifunga begani mwenyewe. Nikasema namwambia tukitoka hapa.

Duka la baba yake, Mtaa wa Rwagasore. Nyumba ilitaifishwa, hilo kanieleza bila kinyongo, kama mtu anayesimulia mvua. Chini sasa wanauza redio na pasi za Dubai. Akasimama mlangoni, akaweka kiganja ukutani, basi. Kiganja tu, juu ya ukuta. Mwenye duka akatoka. Kijana wa cheni shingoni. Akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, mama, kama umekuja kudai nyumba umechelewa, nenda serikalini, hapa tunafanya biashara. Kila siku mnarudi nyie.

Mama Nurbanu akaondoa mkono kama aliyeungua. "Nilikuwa natazama, baba," akasema. Sauti imekwisha.

Nikapasuka mimi! Nilimwambia yule kijana: "Katazama ukuta! Kutazama nako unauza? Huyu kazaliwa humu ndani kabla baba yako hajaiona Mwanza! Hata salamu huna? Umefundishwa na nani kumfukuza mama mzee mlangoni?" Watu wakajaa. Nilisema mengine siyaandiki. Yule kijana kaingia ndani karudi na kiti cha plastiki. Najua hasira yote ile haikuwa yake. Ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anatafuta tairi. Lakini ilitoka vizuri!

Tukashuka mpaka ziwani, tukakaa kwenye jiwe, korongo marabu wanazunguka mapipa ya taka. Nikasema sasa. Sasa hivi. Nikafungua mdomo.

Akanitangulia. Kasema, Bernadeta, unajua nilikuja hapa naogopa. Watoto wangu walinikataza. Walisema utaibiwa, utadanganywa, kila mtu atakuona mfuko wa fedha. Na kweli, toka uwanja wa ndege mpaka hotelini nimedanganywa. Nyumba moja tu imenipa ukweli. Kaka yako kanifungulia moyo wake, na yeye hanijui. Leo wewe umenigombea. Nitawaambia watoto.

Mdomo wangu ukabaki wazi. Niliufunga.

Ningemwambiaje? Aliyemfukuza mlangoni keshamfukuza. Na mimi nimfukuze tena, kwa mlango mwingine? Basi nikakaa pale na khanga yake begani, mwongo wa tatu wa nyumba ya ukweli.

Halafu akasema mawili. La kwanza, nimtafutie Mihayo mke. Bado kijana, na mtoto anahitaji mama. Nikasema nitajitahidi. La pili, kesho ndiyo siku yake ya mwisho, na ameiacha kwa jambo moja. Anataka kwenda kaburini kwa wifi yangu. Kuweka maua, kumwombea dua. Kaburi la mumewe liko chini ya theluji, watu wa makaburi ndio wanaolitunza, yeye halijui hata kwa mkono. Hili la hapa atalishika. Mihayo keshakubali.

Mihayo keshakubali!

Jioni nilimwuliza kaburi gani. Hakunitazama. Akasema nimwachie, makaburini hapakosi kaburi. Nikamwambia kesho na mimi ndani ya gari. Akasema haina haja. Nikamwambia: "Naenda kujizika. Utanizuia?"

Kalala upande wa ukutani.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandika chumbani, mlango nimeuegesha. Chai iko motoni. Sina muda mrefu, lakini nisipoandika sasa kichwa kitapasuka.

Sijawahi kuandika habari za Josephat humu. Daftari hili lilianza baada yake. Sasa niandike. Josephat ni mwanetu, mdogo wake Modesta. Aliishi miezi saba. Homa ya malaria, siku tatu, mwaka tisini na moja. Tulimzika makaburi ya huku kwetu, na Mihayo ndiye aliyekoroga saruji ya msalaba kwa mikono yake. Toka siku ile hajakanyaga. Mimi naenda kila Novemba, siku ya marehemu wote, peke yangu. Nikimwambia twende anasema hawezi. Sikumlazimisha. Nilisema kila mtu analia kwa namna yake.

Leo tukafika makaburini. Salum kabaki na gari. Mama Nurbanu ana maua, mengi, meupe na mekundu, kayatoa hotelini. Kajifunga khanga ile ile kama yangu. Mihayo mbele, sisi nyuma. Nilikuwa natazama atasimama wapi. Nilijua atachagua lolote lenye msalaba usio na jina, nikawa najiambia nitavumilia, ni dakika chache, ni maneno tu, watu thelathini, Desemba.

Hakuchagua. Alikwenda moja kwa moja. Akakata kushoto kwenye michongoma, akapita yale makaburi ya mapadre, hakuuliza, hakupotea. Nikaanza kuijua njia. Miguu ikawa mizito. Nikasema hapana. Hawezi. Hawezi!

Akasimama mbele ya Josephat, kwenye ule msalaba ambao hatukuuandika jina.

Miaka mitatu hawezi kuja kwa mtoto wake. Kwa mgeni kaweza.

Mama Nurbanu akapiga magoti, akapanga maua moja moja, akafungua viganja, akaomba kwa lugha yao. Kisha akauliza taratibu: "Jina lake nani, marehemu? Sikukuuliza."

Mihayo akasema: "Evelina."

Jina hilo sijalisikia mdomoni mwake tangu uchumba. Mimi kwake ni Mama Modesta, kama wake wote. Na alipolisema akaanza kulia. Si machozi ya kuigiza, ninamjua. Mabega yote. Alilia kama hakulia siku tulipomzika mtoto, siku ile alisimama kama nguzo, mimi nikashikwa na wanawake. Yule mama akamkumbatia miguu, maana yeye alikuwa bado amepiga magoti. Na mimi nimesimama pembeni na mkoba wa mgeni. Mtu mwingine angehurumia. Mimi hasira zilinipanda. Analia hapa! Anaye wa kumfuta! Yale machozi yalikuwa yangu, niliyangoja miaka mitatu, kampa mtu wa Kanada!

Mama Nurbanu akajifuta. Akaweka kiganja juu ya kaburi, kama alivyoweka ukutani. Akakisogeza mpaka mwisho wa saruji. Ni mwendo mfupi. Akarudisha tena.

"Mihayo, mwanangu," akasema. "Mbona hili kaburi dogo?"

Kunguru wakalia kwenye michongoma.

Na mume wangu, mtu wa maneno, mtu aliyezungusha mawaziri kiwandani, akajipangusa pua akasema:

"Alikuwa mtu mfupi."

Mtu mfupi!

Basi. Hapo ndipo yalipokatika. Nilisema — sikupiga kelele, nashangaa, sauti ilitoka tulivu kama naagiza nyuzi dukani — nikasema: "Mama, Evelina ni mimi. Sijafa. Sikugongwa na lori, sikuugua homa. Bernadeta yuko Kisesa. Huyu mliyemwekea maua ni Josephat, mwanangu. Huyu ni mume wangu, tumeoana kanisani, picha iko chini ya kitanda. Na mimi si mfupi!"

Mihayo akakaa chini. Kwenye vumbi, na suruali niliyoipiga pasi.

Mama Nurbanu hakumtazama hata mara moja. Alinitazama mimi, muda mrefu. Nilingoja aseme waongo wakubwa nyie, na angekuwa na haki. Akauliza: "Alikuwa na umri gani?"

"Miezi saba."

Akayashika yale maua tena. Alikuwa kayapanga kwa urefu wa mtu mzima, mengine yalianguka nje ya saruji. Akayakusanya yote, akayapanga upya, ya mtoto. Nikapiga magoti tukapanga pamoja. Mihayo alinyoosha mkono aokote ua moja lililodondoka karibu yake, mimi nikaliwahi.

Kwenye gari Mama Nurbanu kakaa nyuma na mimi. Mihayo mbele na Salum. Salum aliwasha redio, akatutazama kwenye kioo, akaizima. Nilidhani yule mama atasema hotelini. Kasema: "Nyumbani kwa Evelina."

Alivyolisema jina, kama analipima.

Sasa yuko sebuleni. Kavua raba. Nilitaka kuomba radhi, kaninyamazisha kwa mkono. Kasema hivi: siku hii ni ya mwisho na ni yangu, mliipanga kwa ajili yangu, kila mahali nilipotaka kwenda nilipelekwa. Sasa ninataka jambo moja. Mihayo aingie, akae hapa mbele yetu wawili, aseme mwenyewe. Si wewe umsemee. Wanawake tumewasemea sana. Halafu akaniuliza kama nina hasira naye pia.

Nikasema ndiyo. Kidogo. Kwamba alimwamini haraka, na kwamba alinitafutia mwenzangu.

Akasema vizuri, hata yeye ana hasira na mimi, tena si kidogo. Pale kwenye jiwe ungeniambia, kasema. Nilikuwa na nguvu za kusikia. Mimi si yai.

Nikasema naenda kuangalia chai, nikapitia huku chumbani.

Mihayo yuko nje, kaegemea Peugeot. Dirisha liko wazi, nawasikia. Salum anamwambia, kaka, ingia tu, utakaa hapa mpaka lini. Yeye anauliza kama Mama Nurbanu kasema lolote juu ya Desemba. Desemba! Salum kasema hajui. Kisha Mihayo kauliza jambo jingine, taratibu, sikulipata vizuri. Nadhani kauliza kama Mama Modesta analia.

Silii.

Miaka yote hii akikwama namtoa. Watu wa kiwandani walipokuja na barua ya kumpunguza, mimi ndiye niliyetoka mlangoni kuipokea. Mwenye nyumba akija, mimi. Ndugu zake wakiuliza kwa nini hatuzai tena, mimi. Nikitoka sasa hivi na kumwambia ingia, ataingia. Atakaa pale, atatafuta maneno, na yatakuwa mazuri, na mimi nitayasaidia yasimame.

Mama Nurbanu kaniita toka sebuleni, anasema chai isiungue. Nimemjibu naja.

Mlango wa gari umelia. Unafunguliwa au unafungwa, toka huku siwezi kujua.

Simwiti.